Kumtazama Kasa si Upuuzi

Hapa Riruta, tulipo baadhi yetu watu wa pwani tuliopandishwa bara na kazi, kuna maneno ambayo hayakosi kusikika kila zifikapo likizo za shule. Husemwa baada ya swala ya Alasiri, watu wakiwa wameketi kuingoja Magharibi, na kila mara husemwa kwa kicheko. Ati fulani amechukua watoto wake kwa gari moshi mpaka pwani, akalipa pesa za mashua, akalipa ada ya kuingia kwenye hifadhi, akalipa na kodi ya miwani ya kuzamia, yote hayo ili wanawe wakatazame samaki! Mtu wa pwani, Mwislamu, aliyelelewa kwa samaki tangu kuachishwa ziwa, leo alipe kwa ajili ya kumtazama samaki majini bila ya kumla! Hapo watu huangua kicheko, na aliyekwenda huinamisha kichwa kama aliyefanya la aibu.

Ndugu msomaji, maneno hayo yana utani ndani yake, na utani baina ya watu wa mji mmoja haukatazwi. Lakini utani ukirudiwa sana hugeuka kuwa itikadi, na itikadi hii yafaa ijibiwe. Mimi nasema kwamba mzazi anayempeleka mwanawe baharini akakutane na viumbe vya huko vikiwa hai hafanyi upuuzi wala haigi Wazungu. Anamrudishia mtoto mali yake. Tena nasema kwamba tusipofanya hivyo, bahari itakuwa ni ya wageni kuitazama na yetu sisi kuilia, na kwa namna tunavyokwenda hata hicho cha kula hakitabaki.

Nitoe mfano ulio karibu. Binti ya mpwa wangu, msichana wa miaka 13 aliyezaliwa hapa Riruta, alipelekwa Watamu na wazazi wake katika likizo ya Desemba. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari imetulia, na maji yalikuwa yamekupwa, wakati ambao wenye mashua huwachukua watu hadi kwenye matumbawe. Alivishwa miwani na kibomba cha kupumulia, akashushwa taratibu ubavuni mwa mashua, baba yake upande mmoja na kijana wa mashua upande wa pili. Alitegemea kuona samaki wadogo wa rangi kama wale waliomo kwenye picha za kalenda, na kweli aliwaona. Lakini alipokuwa akiwatazama, jiwe moja lililokuwa limelala chini liliinuka likaanza kuogelea.

Lilikuja juu polepole, mikono yake miwili ikipiga maji kama mbawa za ndege, likapita mbele yake kwa umbali wa pima moja hivi. Aliliona jicho lake jeusi likimtazama. Likatoa kichwa nje ya maji, likavuta pumzi kwa sauti ambayo msichana anasema aliisikia kama mzee anayeshusha mzigo, kisha likazama tena na kwenda zake. Hakuna aliyemshika wala aliyemfukuza. Msichana alipanda mashuani akitetemeka, naye hakuwa na baridi. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Nimeona kobe!"

Yule kijana wa mashua, mwenyeji wa huko huko, akamjibu, "Huyo si kobe, dadangu. Kobe ni wa nchi kavu. Huyo ni kasa."

Mtoto huyu ukoo wake umetoka Lamu kwa upande mmoja na Mambrui kwa upande wa pili, na babu yake mzaa babu alikuwa mvuvi. Leo anafundishwa jina la kasa kama afundishwavyo mgeni. Simlaumu yeye, kwani neno halikai katika kichwa cha mtu ambaye hajakutana na chenye neno. Tena tofauti ya majina haya mawili ina ilimu ndani yake. Kobe akiogopa huingiza kichwa na miguu katika gamba lake akajifungia humo. Kasa hawezi. Hana miguu ila ana mapezi, na kichwa chake hakiingii ndani. Amepewa mbio za majini badala ya ngome. Ndiyo maana akishapinduliwa mchangani, au akinaswa na wavu asiweze kuja juu kupumua, hana hila tena. Kasa hufa maji kama mimi na wewe. Watoto wetu wangapi wanajua kwamba mnyama wa bahari anaweza kufa maji?

Wazee wetu walijua. Tena walijua mengi kuliko tunavyodhani. Hawakutosheka na neno kasa tu, bali walimtenga ng'amba, yule mwenye mdomo kama wa kasuku na gamba la madoadoa, wakamjua kwa ganda lake la thamani. Biashara ya ganda hilo ni kongwe kuliko miji yetu. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kilichoandikwa katika karne ya 1, ambacho kinaeleza njia za biashara za bahari hii, kinataja ganda la kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka katika mwambao wetu, na kinaeleza jinsi watu wa kisiwa kimoja cha huku walivyowategea kasa kwa madema. Maana yake ni kwamba kwa miaka kama 2,000 watu wa pwani wamekuwa wakiishi na mnyama huyu.

Na kuna uvuvi wa chazo, ambao vijana wa leo wakielezwa hudhani ni hadithi ya paukwa pakawa. Chazo ni samaki mwenye kitu kama kikombe cha kunyonyea juu ya kichwa, ambaye hujibandika kwa papa na kwa kasa akabebwa. Wavuvi wetu walimshika chazo wakamfunga kamba mkiani, na walipomwona kasa wakamwachia. Chazo alikwenda akajibandika gambani, na mvuvi akavuta kamba kidogo kidogo mpaka kasa akafika ubavuni mwa chombo. Sitaki uvuvi huo urudi. Lakini mtu aliyeubuni hakuwa mtu wa kutojali viumbe. Alikaa akawatazama kwa muda mrefu, akajua nani anakwenda na nani, na kwa nini. Basi anayecheka watu kwa kutazama samaki na ajue kwamba wavuvi hodari wote wa pwani hii walianza kwa kutazama.

Na majina yako mengine. Yuko pomboo, anayeruka mbele ya jahazi. Yuko nguva, anayekula nyasi za bahari na kunyonyesha mtoto wake, ambaye siku hizi ni nadra mno katika maji ya Kenya. Yuko papa shilingi, mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye hana haja na nyama ya mtu wala ya samaki mkubwa, kwani chakula chake ni vijidudu na samaki wadogo anaowachuja majini. Wazee walimtazama mgongo wake wenye madoa meupe wakaona kama amemwagiwa shilingi, wakampa jina hilo. Wageni husafiri kutoka nchi za mbali hadi Mafia kwenda kuogelea pamoja naye. Mtoto wetu akimwona siku moja huko Mafia au Diani, atamjua kwa jina gani? Kama hatukumpa la kwetu, atachukua la mgeni, na akishalichukua ataamini kwamba mnyama mwenyewe pia ni wa mgeni.

Sasa nije kwa wale wanaosema kwamba samaki na kasa wameumbwa waliwe, na kwamba anayewatazama tu anakataa neema. Kuhusu neema hatuna ubishi. Chuoni tulisoma katika Surat an-Nahl kwamba bahari imetiishwa kwa ajili yetu, tupate humo nyama laini na mapambo ya kuvaa, na vyombo vipite, na tutafute fadhila za Mola, na mwisho wa hayo yote tushukuru. Lakini wengi wetu tumeshika nyama tukasahau kushukuru, na mtu hawezi kukishukuria kitu asichokijua. Tulisoma pia kwamba wanyama wa nchi kavu na ndege warukao ni umati mfano wetu. Tulisoma kisa cha Nabii Yunus, ambaye samaki aliamrishwa ammeze wala asimdhuru. Samaki yule hakuwa kitoweo, alikuwa mtumwa wa Mungu aliyetumwa kazi. Nani basi ametuambia kwamba hawa waliobaki hawana kazi ila kungojea sufuria?

Na kuhusu kasa khasa, jambo hili limetoka katika mzaha. Msomaji atakumbuka yaliyotokea Kisiwa Panza, Pemba, mwezi wa Machi 2024. Watu walikula nyama ya kasa, kama ilivyokuwa desturi, wakagawiana majirani kwa majirani kwa mapenzi. Watu 9 walifariki, 8 kati yao watoto, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Novemba 2021, huko huko Pemba, watu 7 walikufa kwa sababu hiyo hiyo, mmoja wao mtoto wa miaka 3. Innaa lillahi wa innaa ilayhi rajiun.

Wataalamu wanaeleza kwamba nyama ya kasa huweza kuwa na sumu, ambayo inadhaniwa kutokana na vile anavyokula mnyama mwenyewe. Kwa macho hujulikani mwenye sumu na asiye nayo. Kupika hakuiondoi, wala kukausha, wala ndimu, wala chumvi. Watoto ndio huathirika zaidi, na imewahi kuonekana mama aliyekula akamdhuru mwanawe kwa maziwa ya kifuani. Hakuna dawa maalumu ya kuiondosha mwilini. Hivyo basi nyama aliyokula babu yako mara 100 akasalimika, huenda ya mara ya 101 ikamzika mjukuu.

Masheikh wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wamekhitalifiana tangu zamani juu ya kuliwa kwa kasa, na mimi si mtu wa kuhukumu baina yao. Lakini kuna kanuni ambayo hakuna aliyekhitalifiana nayo, kwamba hapana kujidhuru wala kudhuriana. Baada ya makaburi ya Panza, anayemwita jirani yake aje ale kasa anamwita kwenye nini? Ningefurahi kuwasikia makhatibu wa kutoka Lamu mpaka Vanga wakiligusia hili juu ya mimbari, kwani mvuvi humsikiliza khatibu kabla ya kumsikiliza afisa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya kuhifadhi wanyamapori inamlinda kasa, na biashara ya kimataifa ya ganda la ng'amba imepigwa marufuku. Lakini sheria hufika ufukweni kwa kuchelewa, hali neno la msikitini lilishafika.

Turudi kwa mnyama mwenyewe. Kasa jike hutaga mayai 100 na zaidi kwa mara moja, usiku, katika shimo alilolichimba mwenyewe kwenye mchanga, na mayai hukaa kama miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Mchanga ukiwa wa moto zaidi, wengi huwa majike, na ukiwa wa baridi zaidi, wengi huwa madume. Watoto wakitoka hukimbilia majini, na hapo kaa na kunguru huwangoja njiani, na baharini samaki huwangoja. Inakadiriwa kwamba katika 1,000 huenda akakua mmoja tu. Huyo mmoja naye huchukua miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na anapotaka kutaga hurejea kwenye pwani za upande ule alikozaliwa. Kwa hiyo anayempindua kasa mama mchangani ameua mnyama ambaye huenda ni mkubwa kwa umri kuliko yeye, na amekata njia ya kurudi nyumbani ambayo hakuna mwingine wa kuijaza leo wala kesho.

Hapo Watamu limefanyika jambo ambalo nalisifu. Tangu miaka ya tisini pana jumuiya inayolinda viota vya kasa na kuwatibu walioumia, na mvuvi anayemkuta kasa katika wavu wake bila ya kumkusudia huwapigia simu, wakaja wakamchukua, na mvuvi akapewa kitu kidogo cha kufidia muda wake na wavu wake uliochanika. Kiasi chenyewe si kikubwa, lakini utaratibu una adabu ndani yake, kwani unamhesabu mvuvi kuwa ni mlinzi. Huko Wasini nako, kina mama wa kisiwa walijijengea njia ya mbao juu ya bustani ya mawe ya matumbawe na mikoko, mgeni akapita juu akatazama na kulipa, na pesa zikabaki kisiwani. Hawa hawakungoja mtu awaeleze kwamba uhai wa pwani yao una thamani.

Lakini nisiseme kana kwamba yote ni mazuri. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na tangu siku hizo wako wavuvi wanaolalamika kwamba walifungiwa mlango wa bahari ya baba zao kisha mlango ukafunguliwa kwa mwenye tiketi. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Mwenye hoteli hupata lake, mwenye ndege hupata lake, na mara nyingi kijana anayejua ni jiwe gani analolalia kasa hupata makombo. Dawa yake, kwa maoni yangu, si kuyavunja maji hayo yaliyohifadhiwa. Dawa ni sisi wenyewe kuingia. Watu wetu wakiwa ndio manahodha, ndio waelezaji, ndio wenye mashua, na watoto wetu wakiwa ndio watazamaji, hakuna atakayeweza kutuambia kwamba bahari ni bustani ya wengine. Mlango tusiopita huonekana si wetu.

Najua kuna wazazi wanaozuiliwa na jambo jingine, nalo ni sitara. Wanasema kwamba kuogelea ni kujianika, na fukwe zimejaa walio nusu uchi. Hofu yao naiheshimu. Lakini kujisitiri na kuogelea havikuwahi kuwa maadui. Huko Nungwi, kisiwani Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea na wanawake wenzao wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, na wazazi waliokataa mwanzo wakaja wakaridhika. Hata wazazi wa yule msichana wa Riruta walimvika mwanao suruali ndefu, shati la mikono mirefu na kitambaa cha kichwa kilichofungwa barabara, na kasa hakumwonea haya. Ziko saa za asubuhi ambazo fukwe huwa tupu. Na wako vijana wa mashua wenye adabu zao, wanaoteremsha macho. Yako maneno mashuhuri yanayonasibishwa na Sayyidna Umar ya kuwausia watu wawafundishe watoto wao kuogelea. Katika visiwa ambavyo tumezika mamia ya watu kwa meli moja iliyozama mwaka 2011 baina ya Unguja na Pemba, wasia huo haufai kuchelewa.

Anayekwenda naye aende na adabu. Kiumbe hai hakuwekwa pale kwa ajili ya picha yako. Usimguse kasa, usimshike gamba ukajiburuta naye, usimzibie njia anapokuja juu kuvuta pumzi. Usikanyage matumbawe, kwani hayo nayo yana uhai, na lililokua kwa miaka mingi huvunjika kwa unyayo mmoja. Usimtupie samaki mkate. Na nahodha anayewafukuza pomboo kwa mashine ili wageni wake wapige kelele za furaha aambiwe apunguze mwendo, na aambiwe na sisi tuliolipa. Msichana wetu alimwona kasa kwa karibu vile kwa sababu alikuwa ametulia. Angepiga kelele na kurusha miguu, angeona vumbi la mchanga tu.

Huenda msomaji wa Riruta au Kawangware akasema, "Mimi sina nauli ya Watamu mwaka huu, basi haya hayanihusu." La hasha, yanamhusu kila siku anapotupa taka. Mto Nairobi huanza katika bwawa la Ondiri, huko Kikuyu, ukateremka kupitia upande wetu huu wa magharibi na kukusanya vijito vya Dagoretti na Kawangware. Huingia Mto Athi, na Athi ukifika mbele huitwa Galana, na Galana ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake baharini baina ya Malindi na Mambrui. Ni mto mmoja wenye majina mengi. Chupa ya plastiki inayotupwa katika mfereji nyuma ya nyumba yako, mvua kubwa ikija, ina njia wazi mpaka kwenye maji anayopumulia kasa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na hilo lilikuwa jema, kwani kasa humwona yavuyavu, yule mnyama wa utelezi anayeelea, kuwa ni chakula kitamu, na mfuko majini hufanana naye mno. Akiumeza humziba tumbo akafa polepole. Lakini plastiki haikuisha kwa amri ile. Mitaro yetu inashuhudia.

Basi mtu wa Riruta asidhani kwamba ameiacha bahari Mombasa. Anaipelekea barua kila mvua inaponyesha, na ni juu yake kuchagua atakachokiandika humo.

Nimalizie kwa mambo ambayo hayahitaji serikali. La kwanza, walimu wa madrasa hapa mjini, ambao mwisho wa mwaka huwapeleka wanafunzi matembezi, wafikirie kuwapeleka pwani kwa wakati wa maji kupwa. Tangu gari moshi jipya lianze mwaka 2017, safari ya Mombasa ni ya nusu siku. La pili, mzazi aliyezaliwa pwani awafundishe wanawe majina 20 tu ya viumbe vya baharini kabla hawajaenda, kisha awaache wakavione wenyewe. La tatu, nyama ya kasa iondoke katika karamu zetu, kwa heshima ya wale watoto wa Panza. La nne, tusafishe mfereji ulio nyuma ya nyumba.

Nami kwa kuwa mkono wangu umezoea kutunga, naacha ubeti mmoja watoto waujue kwa moyo:

Kasa hana la kunena, wala hana wakiliye,
Huja juu mara tena, pumzi azivutiye,
Nawe mkishaonana, mpe njia apitiye,
Amana ya Maulana, ni wewe uilindaye.